Huyu Mbona Hakutulia Timu Moja?

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita mbele ya wazazi, vijana na makocha wa kujitolea wa jumuiya yetu hapa kaskazini mwa Texas. Wengi wenu mlikuwa kazini mkaomba niyaandike. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, shikamooni. Kaka na dada, habari za wiki? Vijana, mambo? Na nyie wadogo mliojibanza karibu na sinia la maandazi, nawaona. Kuleni taratibu, hotuba ni ndefu.

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na ameniomba nisiwapeleke mbali. Mwenyekiti, nisamehe, nitawapeleka mbali kidogo, halafu nitawarudisha humu humu ukumbini. Kuna swali nimelisikia mara tatu tangu tuanze kutafuta kocha wa soka wa vijana wetu wa chini ya miaka kumi na sita. Mara ya kwanza lilisemwa kwa kunong'ona, ya pili kwenye simu, na ya tatu lilisemwa hapa hapa, kwa sauti, mwenyewe akiwa ameketi. Swali lenyewe ni hili: "Huyu mbona hakutulia timu moja?"

Anayeulizwa namjua, nanyi mnamjua. Simtaji, maana ataona haya. Amecheza nyumbani, akavuka mpaka akacheza kwa majirani, akarudi, akahama tena. Msimu huku, msimu na nusu kule. Leo anataka kufundisha watoto wetu, na sisi tunamwangalia kama tunavyomwangalia mpangaji aliyehama nyumba saba. Lazima ana kasoro, tunasema. Kodi hakulipa? Aligombana na mwenye nyumba?

Basi nimekuja kuwasimulia habari za mpangaji mwingine.

Wengi wenu mnajua nilifika nchi hii mwaka 2005. Msichojua, kwa kuwa nilikuwa sipendi kusema, ni kazi niliyofanya usiku kwa miaka iliyofuata. Nilikuwa kibarua wa kutandika uwanja. Pale mjini Dallas kuna ukumbi mkubwa unaitwa American Airlines Center. Leo unachezwa mpira wa kikapu, kesho magongo ya kwenye barafu, keshokutwa kuna tamasha. Hayo mageuzi hayafanywi na malaika. Hufanywa na watu kama mimi, saa sita za usiku, wamevaa glavu. Barafu haiyeyushwi, hufunikwa kwa mbao. Juu ya mbao yanakunjuliwa mazulia ya nyasi bandia, marefu, mazito, ya kusukumwa na watu kadhaa kwa pamoja kama mnavuta mtumbwi ufukweni. Kingo za mazulia zinashikana kwa mkanda wa kunasanasa, na kazi yangu mimi ilikuwa kupita nimepiga magoti nikikandamiza ule mkanda kwa ngumi, mstari hadi mstari, asije mchezaji akajikwaa. Ubaridi wa barafu unaupata kwenye magoti, kupitia mbao na zulia. Mpaka leo goti la kushoto linanikumbusha.

Na uwanja huo tulikuwa tunamtandikia nani? Tulikuwa tunaitandikia timu iitwayo Dallas Desperados, na mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani inayochezwa ndani.

Najua, najua. Futiboli ya Kimarekani yenyewe nusu yenu hamuielewi, na sasa naleta ya ndani! Nivumilieni.

Mwaka 1981 bwana mmoja, Jim Foster, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ligi kubwa ya NFL, alikwenda New York, Madison Square Garden, kuangalia soka la ndani. Akiwa ameketi pale akajiuliza: kama soka limeingia ukumbini, futiboli yetu inashindwa nini? Akachukua bahasha, akachora uwanja juu yake. Bahasha! Ligi ikaanza mwaka 1987 ikiwa na timu nne tu: Chicago, Denver, Pittsburgh na Washington.

Uwanja wa nje una urefu wa yadi 100. Wa ndani ni yadi 50. Nje wanacheza watu kumi na mmoja kila upande, ndani wanane. Hakuna mstari wa pembeni wa kukimbilia ukajiokoa, kuna ukuta. Ukuta umevikwa magodoro, na mtu anabamizwa juu yake mbele ya mtazamaji mwenye soda mkononi. Nyuma ya goli, kushoto na kulia, zinaning'inizwa nyavu kubwa zilizokazwa kama ngoma, na mpira ukigonga wavu ukarudi bado ni mpira hai, anayeudaka ni wake. Sisi tuliokulia Ngamiani pale Tanga tukicheza chandimu baina ya kuta za nyumba za watu tunaelewa bila kufundishwa. Ukuta ni mchezaji. Ukuta unapokea pasi na kuirudisha, na hauchoki.

Sasa katika futiboli hiyo kuna mtu mmoja anaitwa kwotabeki. Mpira unaanzia mikononi mwake, naye ndiye anayeamua unakwenda kwa nani. Nje, kwotabeki anayo nafasi ya kurudi nyuma, kutazama, kutafakari. Ndani hana. Wanaomvamia wako karibu mno. Na sheria za ndani zinamruhusu mchezaji mmoja wa mbele aanze kukimbia kuelekea mstari kabla mpira haujaanzishwa, kwa hiyo unapoanza, yule tayari anakuja kasi kama daladala iliyokosa abiria. Kwotabeki akisubiri amwone mwenzake yuko wazi, amechelewa. Lazima arushe mpira kabla mwenzake hajawa wazi, aurushe mahali ambapo mwenzake atakuwa. Tena huruhusiwi kuupiga mpira mbali kujiokoa kama wanavyofanya nje. Una majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Usiposogea, ujaribu goli, au umpe mwenzio mpira palepale ulipo. Ndiyo maana matokeo yake yanasomeka kama ya kikapu: 64 kwa 42, 66 kwa 59.

Mwaka 2006, nilipokuwa napiga magoti kwenye ule mkanda, kwotabeki aliyekuja Dallas aliitwa Clint Dolezel. Kijana wa hapa hapa Texas, aliyesoma East Texas State, chuo ambacho wengi wa waliozaliwa Texas hawawezi kukuonyesha kwenye ramani. Nilikuwa namwona kwa mbali, kutoka kwenye lango la mizigo. Sikuwahi kuzungumza naye hata mara moja, na akipita hapo nje leo hanijui. Lakini nilikuwa najua jina lake linatoka wapi, kwa kuwa fundi mmoja wa taa, Mmarekani mzee, alikuwa anapenda kunihadithia wakati wa chai.

Alianza Milwaukee mwaka 1995. Halafu akaja Houston, kwa timu iliyoitwa Texas Terror, ambayo baadaye ilibadilisha jina ikawa ThunderBears. Kutoka hapo akaenda Grand Rapids, huko Michigan. Kisha Las Vegas. Kisha Dallas. Hesabuni wenyewe miaka: 1995 mpaka 2008. Miaka kumi na mitatu, miji mitano.

Huyu mbona hakutulia timu moja?

Haya, tumuulize. Ile timu ya Milwaukee aliyoanzia iko wapi? Ilifungwa 2001. Ya Houston je? Nayo haikuvuka mwaka huo. Grand Rapids? Haikurudi uwanjani baada ya 2008. Las Vegas? Waliihamishia Cleveland, na huko nako ikazimika. Dallas? Nitawaambia. Ndugu zangu, mnamuuliza mpangaji kwa nini alihama, na nyumba zote zimebomolewa! Angetulia wapi? Juu ya kifusi?

Na siyo kwamba alikuwa mbovu. Agosti 2001, akiwa Grand Rapids, walitwaa ubingwa wa ligi kwa kuwachapa Nashville 64 kwa 42, hapo hapo Grand Rapids, mbele ya watu wao. Katika maisha yake ya uwanjani alirusha zaidi ya pasi 900 zilizozaa tachidauni, yaani mpira kufikishwa mwisho wa uwanja wa wapinzani. Mia tisa! Lakini ukimuuliza Mmarekani wa kawaida barabarani, hajawahi kumsikia.

Amemsikia nani? Kurt Warner. Kila anayezungumza habari za futiboli ya ndani anazungumza habari za Warner, hata wachungaji. Kijana alikatwa na Green Bay ya NFL mwaka 1994, akawa anapanga bidhaa usiku dukani huko Iowa kwa dola tano na senti hamsini kwa saa, akaingia futiboli ya ndani na Iowa Barnstormers, akaenda hadi Amsterdam, akarudi, na Januari 2000 akawa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya NFL. Simulizi tamu, na ni ya kweli. Lakini naomba niseme jambo ambalo baadhi yenu halitawapendeza: simulizi ya Warner imetuharibu sisi wageni. Tunawalea watoto wetu kwa simulizi ya aliyetoka. Kila mtoto atatoka, kila kazi ya usiku ni kituo tu, kesho basi linakuja. Je, ambao basi halikuja? Wale walioamka asubuhi wakaenda tena mazoezini, ndani, kwenye uwanja wa yadi hamsini, mwaka wa pili, wa saba, wa kumi na tatu? Leo nimekuja kwa ajili ya hao.

Tuliofanya kazi usiku tunafahamiana. Naona vichwa vinatikisika huko nyuma.

Sasa nisikilizeni kuhusu mwaka 2007, maana huo niliuona kwa macho yangu.

Dallas Desperados msimu ule walicheza mechi kumi na sita. Walishinda kumi na tano. Kumi na tano kwa moja! Mwenye timu alikuwa Jerry Jones, yule yule wa Dallas Cowboys ya NFL, na ukumbini kulikuwa na harufu ya ubingwa. Sisi vibarua tulishaanza kubishana nani ataomba likizo aende New Orleans kwenye fainali. Julai, mechi ya kwanza ya mtoano kwa Dallas, wakaja Columbus. Columbus walikuwa wameshinda saba wakapoteza tisa. Saba kwa tisa! Timu ambayo kwa haki ingekuwa nyumbani inaangalia televisheni.

Columbus 66, Dallas 59.

Usiku ule tulitoa zulia mapema kuliko tulivyopanga. Nakumbuka nilipofika kona ya kaskazini, magodoro ya ukutani yalikuwa bado na alama nyeusi za viatu, mbichi, kama mtu ameandika kwa mkaa. Nikayafuta kwa tambara lenye sabuni. Hakuna aliyepiga soga. Yule fundi wa taa akasema neno moja tu kuhusu kwotabeki wetu, na neno lenyewe siwezi kulisema mbele ya watoto. Mimi nikamtetea. Sijui kwa nini nilimtetea, labda kwa sababu mtu mwenye miaka yake, aliyepita miji mitano, anajua msimu kama ule haurudi. Niliwaza: huyu sasa basi. Huyu ameisha.

Msimu mmoja ukapita. Kisha Desemba 2008 ligi nzima ikatangaza kwamba mwaka 2009 hakuna mechi. Hakuna! Uchumi ulikuwa umeanguka, nanyi mnakumbuka, wengine nyumba zenu zilichukuliwa na benki. Desperados wakafa hapo. Na mimi kibarua cha mazulia kikafa hapo. Nikaenda kuosha magari ya uwanja wa ndege.

Ligi ilirudi mwaka 2010, lakini ilirudi imekonda. Kabla ya hapo kwotabeki mzuri aliweza kuendesha nyumba kwa kazi ile. Iliporudi, mchezaji alilipwa dola 400 kwa mechi. Mia nne. Unabamizwa ukutani na mtu wa kilo mia na ishirini, unapewa mia nne, ukate kodi.

Na hapa niwape kisa kimoja ambacho kilitokea kweli, kisha tutaendelea. Machi 2012, timu ya Pittsburgh ilikwenda Orlando kufungua msimu. Wachezaji walikuwa na manung'uniko ya mishahara, kuna fununu za mgomo. Jioni, kabla ya mechi, wameketi hotelini? Hapana, wameketi kwenye mgahawa wa Kiitaliano, ule wa mikate ya bure, wanakula tambi. Mwenye timu akasimama akawafukuza kazi. Wote. Uma zikiwa mkononi! Baadaye kidogo baadhi yao wakasaini upya ili mechi ichezwe, na pengo likazibwa kwa watu waliookotwa huku na huku. Mechi ikachezwa usiku ule ule na ikaonyeshwa kwenye televisheni.

Mnacheka. Lakini ni nani humu hajawahi kufukuzwa akiwa na uma mkononi?

Ndiyo dunia ambayo Dolezel aliamua kubaki nayo. Angeweza kwenda kuuza bima. Hakwenda. Alisogea hatua chache tu, kutoka ndani ya mistari hadi kando ya mistari, akawa kocha. Mwaka 2011 alikuwa anafundisha timu mpya ya hapa Dallas, Vigilantes. Nayo, mtanisamehe kwa kurudia wimbo ule ule, ikafungwa mwaka huo huo. Mwaka 2013 akawa kocha mkuu wa Philadelphia Soul.

Na hapa ndipo nawaomba mtulie, akina mama wa jikoni hata nyie, dakika mbili tu.

Kwotabeki wa Vigilantes alikuwa kijana anaitwa Dan Raudabaugh. Dallas ilipofungwa, kijana yule akaangukia Philadelphia. Mwaka uliofuata, nani anafika Philadelphia kuwa kocha wake? Yule yule kocha wa Dallas. Hebu fikirini: kocha aliyekuwa kwotabeki wa kuhamahama anamkuta kwotabeki wake wa zamani, naye amehama. Hapakuwa na haja ya kuanza kufundishana alfabeti.

Msimu wa kwanza walifika fainali, wakafungwa na Arizona, 48 kwa 39. Arizona walikuwa ndio wababe wa zama zile, wametwaa mara tatu mfululizo. Philadelphia wakarudi tena mwaka 2016, fainali, tena kwa Arizona, tena nyumbani kwa Arizona kule Glendale. Wakashinda 56 kwa 42. Mwaka 2017 wakacheza mechi kumi na nne, wakashinda kumi na tatu wakapoteza moja.

Kumi na tatu kwa moja. Mnasikia kengele? Miaka kumi kamili tangu ile kumi na tano kwa moja ya Dallas. Mimi nilipoyaona matokeo hayo kwenye simu nilikuwa kwenye foleni ya kuweka mafuta, na tumbo likanikata. Nikasema, yatarudi. Wataingia mtoano na kuchapwa na timu iliyookotwa jalalani.

Agosti 26, 2017, fainali, mjini Philadelphia: Soul 44, Tampa Bay 40. Pointi nne. Katika mchezo ule pointi nne si kitu, ni mpira mmoja. Lakini safari hii ulikwenda upande wao.

Alichokisema Dolezel kwa vijana wake chumbani kabla ya mechi sikukisikia, na anayesema anakijua kama hakuwepo anatunga. Mimi nasema ninachokijua. Kwenye benchi la Philadelphia alikuwepo mtu mmoja ambaye alishawahi kusimama uwanjani akiwa na timu bora kuliko zote na kuiona inazama usiku mmoja. Huwezi kulinunua somo hilo. Wala huwezi kulipata kwa kutulia mahali ambapo mambo yanakwenda vizuri.

Na asiseme mtu nimechagua mmoja wa bahati. Jay Gruden je? Huyu alikuwa kwotabeki wa Tampa Bay Storm, akatwaa ubingwa wa ndani mara nne: 1991, 1993, 1995, 1996. Akahamia Orlando, mahasimu wa jirani, kama mtu wa Simba kwenda Yanga, akiwa kocha. Akatwaa mara mbili, 1998 na 2000, na ile ya kwanza aliwafunga hao hao Tampa wake wa zamani, 62 kwa 31. Halafu akafanya jambo ambalo mimi napenda kuliko mataji yote. Mwaka 2002, tayari ameshakuwa kocha bingwa, akavua filimbi, akavaa kofia ya chuma, akarudi uwanjani kucheza. Miaka miwili. Kisha akarudi kufundisha. Na zama hizo hizo alikuwa anamsaidia kaka yake, Jon, kwenye benchi la Tampa Bay Buccaneers ya NFL, walipotwaa Super Bowl Januari 2003. Mwaka 2014 akawa kocha mkuu wa Washington kwenye ligi kubwa. Huko hakung'ara sana, tuseme ukweli, wakamtoa Oktoba 2019 baada ya kufungwa mechi tano mfululizo mwanzoni mwa msimu. Lakini waliomwita walijua wanachokiita: mtu aliyezoea kuamua haraka mahali padogo.

Jamani, nisieleweke vibaya. Sisemi kila anayehama ni mwalimu. Wapo wanaohama kwa sababu ya ulimi wao. Wapo wanaohama kwa sababu ya madeni, pombe, wivu. Nilifanya kazi na mmoja, kibarua mwenzangu, alikuwa na hadithi ya kila mji, na kila hadithi iliishia kwa bosi kuwa mjinga. Mabosi tisa, wote wajinga! Huyo usimpe watoto. Kwa hiyo kamati ina haki ya kuuliza maswali, tena magumu. Lakini iulize lililo sahihi. "Mbona hakutulia?" ni swali la mwenye nyumba. Kocha anaulizwa: kule ulikopita, uliondoka na nini?

Waswahili tuna mgaagaa na upwa, hali wali mkavu. Ufuoni kuna kitoweo, lakini lazima ainame, atie mkono kwenye maji. Kutembea ufuoni huku umeshika simu siyo kugaagaa.

Mimi nilimuuliza ndugu yetu. Wiki mbili zilizopita, kwenye maegesho hapo nje, nikamwambia: umecheza timu saba, nitajie kitu kimoja kutoka kila timu. Nikadhani atanipa mawili matatu aanze kuumauma maneno. Akanyoosha vidole. Timu ya kwanza, akasema, nilijifunza kuanguka bila kuvunja mkono, kulikuwa na uwanja wa changarawe. Ya pili, kocha alikuwa anatupigisha pasi usiku na taa ya pikipiki, tukawa tunasikilizana badala ya kuonana. Ya tatu hawakulipa miezi minne, nikajifunza nahodha anavyogawana chakula na wenzake bila kuwatia aibu. Akaendelea hivyo mpaka kidole cha saba. Cha saba sikisemi, ni habari za majeraha yake na ataitaja mwenyewe akitaka.

Watoto wetu hawa, wangapi watacheza soka la kulipwa? Labda mmoja. Labda hakuna. Lakini wote watahama. Nani humu ndani anaamini mwanawe atastaafu kwenye kampuni aliyoanzia? Hebu ainue mkono. Nasubiri... Hakuna. Ile Philadelphia Soul yenyewe niliyoisifu hapa, mabingwa wa mara mbili mfululizo, Novemba 2019 ligi ilifilisika ikawafungia mlango kama wengine wote. Timu imekufa. Ligi imekufa, ikafufuliwa mwaka 2024 ikakorogeka tena kabla hata msimu haujaisha. Aliyejifunza kusoma uwanja bado anausoma.

Nimepitisha dakika, Mwenyekiti ananionyesha saa. Nina ombi moja kwa kamati, mnakaa Jumanne. Msimpe kazi kwa hotuba yangu. Mpeni watoto kwa saa moja, Jumapili hii, kwenye ule uwanja mdogo wa nyuma ya kanisa wenye ukuta upande mmoja. Wazazi, njooni na viti vyenu, maana pale hakuna pa kukaa. Mimi nitaleta mipira na koni.

Asanteni. Sasa yule mama mwenye kitenge cha kijani, mkono wako uko juu tangu nilipomtaja Warner. Karibu, mama, mimi nakaa.